Maji Kwanza, Chanuo Baadaye

Jumamosi jioni, katika nyumba nyingi za kwetu Nyakunguru, msichana huketi chini kati ya magoti ya mama au dada yake asukwe, na kilio huanza chanuo likigusa tu kisogo. Tumekizoea. Tunamwambia avumilie, kisha tunazilaumu nywele zake: ni ngumu, ni za kipilipili. Nadhani nywele hizo zimesingiziwa. Mtoto anachanwa kavu, na hapo ndipo maumivu yanapoanzia.

Unywele wetu huota kutoka kwenye kishimo kilichopinda ndani ya ngozi, na ukikatwa ukatazamwa kwa hadubini huonekana bapa kuliko mviringo. Ndiyo maana hujisokota. Kila mahali unapojipinda pana udhaifu, na mafuta yanayotolewa na ngozi ya kichwa hupata shida kufika nchani. Ncha hukauka, nyuzi hukumbatiana, mafundo madogo hujifunga. Watafiti waliopima nguvu inayotumika kuchana wamekuta kwamba nywele za Kiafrika hupitisha chanuo kwa urahisi zaidi zikiwa zimelowa kuliko zikiwa kavu, jambo ambalo ni kinyume cha nywele zilizonyooka. Kwa hiyo anayesubiri nywele za mwanawe zikauke kabisa ndipo azichane amechagua saa mbaya kuliko zote. Ushahidi unabaki kwenye chanuo lenyewe. Unywele uliong'oka kwa wakati wake huwa mrefu, na mwisho wake mmoja una kinundu cheupe. Vipande vifupi visivyo na kinundu vimekatika. Chanuo likijaa vipande hivyo, usiseme nywele za mtoto hazikui. Zinakua, ila tunazikata kila wiki.

Mzazi atauliza: mbona tunazipaka mafuta? Mafuta ya mgando yanafaa, lakini kazi yake ni kuyazuia maji yasipotee, na hayawezi kuzuia maji ambayo hayapo. Yapakwe baada ya maji. Mafuta ya nazi yana faida ya ziada: utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba hupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, ilhali mafuta ya alizeti na yale yatokanayo na petroli hayakufanya hivyo. Hoja nzito zaidi ni ya maji yenyewe. Mama aliyebeba ndoo kichwani hawezi kuambiwa aimwage kwenye nywele, na hiyo ni haki yake. Hapa, hata hivyo, kikombe kimoja kinatosha. Gawa nywele mafungu manne, lowesha fungu moja kwa kiganja, paka mafuta kidogo, fumua mafundo kwa vidole. Kisha shika fungu hilo karibu na ngozi kwa mkono wa kushoto, ili mvuto uishie kwenye vidole vyako usimfikie mtoto, na uchane ukianzia nchani, ukipanda kidogo kidogo. Suka mabutu yaliyolegea. Msuko unaoinua nyusi za mtoto au kumtoa vipele kando ya paji la uso umekaza mno, na ukirudiwa miaka mingi nywele za pembeni huweza kutoweka moja kwa moja.

Wapo watakaosema dawa ya yote haya ni wembe, hasa kwa kuwa shule nyingi za serikali hutaka wanafunzi wanyoe. Sina ugomvi na kipara. Ni safi na hakina gharama kubwa. Ninachokataa ni imani kwamba nywele zetu ni mzigo. Mwaka 2023 mtafiti Tina Lasisi na wenzake walichapisha majaribio waliyofanya kwa sanamu ya binadamu iliyotiwa joto na kuvalishwa nywele za aina mbalimbali, na nywele zilizojisokota sana ndizo zilizokinga kichwa vizuri zaidi dhidi ya joto la jua. Kwetu, kusini kidogo tu mwa ikweta, hilo lina maana yake. Tena kunyoa hakumalizi kazi ya mzazi. Mapunye ni ugonjwa wa fangasi, na huweza kuhama kutoka kichwa hadi kichwa kwa mashine ya kinyozi isiyosafishwa, kwa chanuo au kwa kofia ya kuazimana. Mkono unaogawa nywele mbichi kila wiki huiona ngozi yote, na mama huweza kugundua duara dogo lenye magamba na nywele zilizokatikia shinani kabla halijasambaa. Akiliona asihangaike na krimu ya dukani, kwa sababu fangasi hao wamejificha ndani ya unywele na mzizi wake, mahali ambapo krimu haifiki. Ampeleke mtoto kituo cha afya apewe dawa ya kumeza, kama griseofulvini, na aimalize hata kama nywele zimeanza kuota. Mara nyingi matibabu huchukua wiki 6 hadi 8.