Mgonjwa na mbwa mdogo: mpange kabla hajaletwa

Mtu akipatikana na kansa, figo, kiharusi au ugonjwa wowote wa kukaa nao miaka, wiki ya kwanza nyumba hujaa. Majirani huja na unga na sukari. Mwezi wa tatu wanaofika ni jamaa wa karibu tu. Baada ya mwaka, watoto wako shule, wakubwa wako shambani au kwa kibarua cha maua Naivasha, na mgonjwa amebaki na redio. Hapo ndipo mtu katika familia au katika kikundi husema, "Si tumtafutie kambwa kadogo kawe kanamchangamsha?"

Wazo hilo si baya, wala si la kizungu kama wengine wanavyodhani. Lakini sisi tumezoea mbwa wa kulinda boma, anayelala nje na kula makombo. Mbwa wa kukaa na mgonjwa ndani ya nyumba ni jambo lingine, na akiletwa bila mpango atazidisha shida iliyoko. Basi katika makala haya tunaeleza yale ambayo familia na kikundi wanafaa kukubaliana kwanza.

Je, mbwa anasaidia kweli?

Muuguzi maarufu wa Uingereza, Florence Nightingale, alishaandika mwaka 1859, katika kitabu chake cha uuguzi, kwamba mnyama mdogo ni mwenzi mzuri wa mgonjwa, hasa aliyeugua muda mrefu. Mwaka 1980 Erika Friedmann na wenzake huko Marekani walitoa habari za wagonjwa 92 wa moyo waliofuatiliwa baada ya kutoka hospitali. Kati ya 53 waliokuwa na wanyama nyumbani, 3 walikuwa wamekufa mwaka ulipoisha. Kati ya 39 wasiokuwa na wanyama, waliokufa ni 11. Hao ni watu wachache, na uchunguzi mwingine uliofuata haukukubaliana wote, kwa hivyo asije mtu akakuuzia mbwa kama dawa. Mbwa haponyi kansa wala hasafishi figo.

Kinachoonekana wazi ni mambo madogo ya kila siku. Mbwa hasahau saa ya chakula. Mgonjwa anayemeza ARV au vidonge vya presha saa mbili asubuhi akimlisha mbwa saa hiyo hiyo, atakumbushwa kila siku, apende asipende. Mbwa pia hutaka kutoka nje, na mgonjwa aliyeambiwa na daktari atembee kidogo lakini hana hamu ya kutembea, atainuka afike hata kwenye lango. Tena mbwa haulizi matokeo ya vipimo. Kwa mtu aliyechoka kuulizwa, hilo ni pumziko kubwa.

Muulizeni daktari, halafu mchague mbwa

Si kila mgonjwa anafaa kukaa na mbwa, na si wakati wote. Anayetibiwa kansa kwa dawa za mshipani huishiwa na chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na magonjwa, na mara nyingi hali huwa mbaya zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Siku hizo mbwa akae mbali na uso na mikono yake. Mwenye virusi ambaye ameanza dawa juzi na bado kinga yake iko chini, aliyetolewa wengu, na mwenye ini lililoharibika wote waulize kwanza. Mwenye pumu anaweza kuzidiwa na manyoya. TB ya mapafu, kwa kawaida, hupita kati ya mtu na mtu, kwa hivyo msimlaumu mbwa.

Kuhusu aina ya mbwa tusipoteze muda mwingi. Siku hizi Nakuru mjini utaona vile vijibwa vyeupe vya manyoya mengi ambavyo watu huviita tu "Japanese". Ni wazuri wa macho, lakini manyoya yale katika matope ya Molo au Mau Narok yanataka kuchanwa na kuoshwa kila mara, na mgonjwa hana nguvu hizo. Mbwa mdogo wa kienyeji, mpole, aliyezoea watu, anatosha.

La maana zaidi ni umri. Wengi huleta mtoto wa mbwa kwa sababu anapendeza, na hapo ndipo tunapinga. Mtoto wa mbwa huzaliwa akiwa tayari na minyoo kutoka kwa mama yake, huharisha, hung'ata vidole akicheza na hukojoa popote. Wataalamu hushauri mtu mwenye kinga hafifu asichukue mbwa wa chini ya miezi 6, wala mbwa wa umri wowote anayeharisha. Tafuteni wa miaka miwili au mitatu ambaye tabia yake inajulikana na jirani. Akiwa ni jike, ongeeni na daktari wa mifugo afungwe uzazi. La sivyo akishikwa na joto, madume ya kijiji kizima yatapiga kambi langoni na kupigana usiku kucha, na mgonjwa ndiye atakayekuwa ndani akiyasikiliza.

Nani atamlisha siku ya hospitali?

Chukueni mfano wa mama anayekaa Subukia na anayesafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki katika Hospitali ya Rufaa ya Nakuru, ile wengi wetu bado tunaiita PGH. Kila kikao ni kama saa nne. Ukiongeza matatu ya alfajiri, kungoja, na uchovu wa kurudi, siku imeisha. Akirudi ana kizunguzungu, hawezi kuinama kuweka sahani chini. Kwa wiki hizo ni siku mbili nzima ambazo mbwa ni wa mtu mwingine. Halafu kuna siku za kulazwa ambazo hakuna anayezijua mapema.

Ndiyo maana tunasema msaidizi atafutwe kwanza, mbwa baadaye. Msaidizi huyo asiwe "tutaona" au "watoto watamwangalia". Awe mtu mmoja mwenye jina, na wa pili wa kushika akikosekana. Kikundi kinachochanga kila wiki kinaweza kuweka kiasi kidogo kando kwa chanjo na dawa ya minyoo, na mwandishi akaandika katika kitabu nani amekubali nini. Ikiwa kikao kizima kimenyamaza swali likiulizwa, basi jibu limepatikana, na mgonjwa apelekewe kitu kingine: zamu ya wageni, au kuku wawili watatu wa kutazama wakichakura uani.

Chakula si kazi kubwa. Mbwa wa kilo tano hutosheka na kisahani asubuhi na kisahani jioni, ugali uliochanganywa na omena au mifupa iliyochemshwa kuwa supu, na maji safi. Mifupa yenyewe ya kuku iliyopikwa msimpe, huvunjika na kumchoma ndani. Makombo yenye vitunguu vingi pia yaachwe, maana kitunguu huharibu damu ya mbwa.

Kinyesi, mate na vidonda

Kazi ya kuokota kinyesi isiwe ya mgonjwa. Kiokotwe kila siku na kuzikwa au kutupwa chooni, kwa sababu mayai ya minyoo mengi huhitaji wiki mbili au zaidi kwenye udongo kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Ukiokota leo, umeyawahi. Mbwa mkubwa apewe dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu. Kwa viroboto na kupe, mwone daktari wa mifugo. Ile dawa ya kuogeshea ng'ombe ikipimwa kwa macho inaweza kumuua mbwa mdogo. Na pale penye funza, kumbukeni kwamba mbwa naye huingiwa na funza na kuwasambaza sakafuni.

Kuna wazee wanaosema mate ya mbwa huponya kidonda. Jamani, kwa mgonjwa hapana. Mdomo wa mbwa mzima una vijidudu ambavyo mtu mwenye nguvu hata havihisi, lakini vikiingia katika damu ya mtu asiye na kinga vinaweza kumuua kwa siku chache. Asirambe kidonda, mrija wala mdomo wa mgonjwa. Alale kwenye gunia au blanketi lake kando ya kitanda, si kitandani. Mgonjwa anawe mikono kwa sabuni kila amshikapo na kabla ya kula. Na kwa shosho au gogo ambaye miguu haina nguvu, mfungieni mbwa kengele ndogo kama ile ya mbuzi, asije akakanyagwa gizani na kumwangusha.

Jambo ambalo watu husahau ni kwamba mbwa naye anaweza kudhurika na ugonjwa wa mwenyewe. Dawa za kansa hutoka kwa mkojo na matapishi kwa siku mbili hivi baada ya dripu, nyingine zaidi. Mbwa hapendi kitu kama kuramba beseni. Beseni limwagwe chooni na kuoshwa mara moja, na mbwa awekwe nje. Vidonge vikianguka viokotwe. Brufen moja au mbili ambazo kwetu ni za kichwa tu, kwa kijibwa zinaweza kutoboa tumbo na kuua figo.

Kichaa cha mbwa

Hapa hatutaki mzaha. Kichaa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, na hadi leo hukadiriwa kuua watu wapatao 2,000 kwa mwaka nchini, wengi wao watoto. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Serikali ina mpango wa 2014 hadi 2030 wa kukimaliza, na nguzo yake ni kuchanja angalau mbwa 70 kati ya kila 100 mwaka baada ya mwaka. Mbwa wa mgonjwa asiwe kati ya wale 30. Achanjwe akiwa na miezi mitatu, au siku mnayomchukua kama hana cheti, kisha kila mwaka. Ulizeni ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yenu ni lini chanjo itapita. Kikundi kikikusanya mbwa wengi mahali pamoja, daktari hana sababu ya kuzunguka boma kwa boma.

Mtu yeyote akiumwa au kukwaruzwa, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 mkiangalia saa, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Msipake majivu wala pilipili, na msishone. Zile sindano za tumboni zilizowatisha wazee wetu hazitumiki tena. Siku hizi hudungwa mkononi, mara nne au tano ndani ya mwezi. Mgonjwa wa kansa, wa virusi au anayemeza dawa za kushusha kinga amwambie daktari hivyo waziwazi, kwa sababu chanjo peke yake huenda isimtoshe. Huhitaji pia dawa ya kinga iliyo tayari, inayodungwa penye kidonda, hata kama aliwahi kuchanjwa zamani. Mbwa mwenyewe, kama yuko, afungwe na kuangaliwa siku 10. Msimuue haraka kwa hasira.

Kwa wale mnaopakana na Narok au mnaochinja nyumbani: msimpe mbwa mapafu wala maini mabichi yenye uvimbe wa maji. Ndani yake kuna mbegu za tegu mdogo anayeleta ugonjwa wa haidatidi. Mbwa huutoa kwa kinyesi, na kwa binadamu hukua polepole kwenye ini kwa miaka, mpaka mtu apasuliwe. Turkana, ambako AMREF ilianza kupambana nao mapema miaka ya 1980, wanaujua vizuri. Chomeni au zikeni viungo hivyo kwenda chini, mbwa asifukue.

Mbwa akibaki

Mbwa mdogo huishi miaka 12, hata 15. Kuna wagonjwa ambao hawatafika huko, na wao wenyewe wanajua kuliko sisi. Tumeona watu wakiogopa kuuliza, wakidhani ni kumtakia mtu mabaya. Kwa maoni yetu mgonjwa mwenyewe ndiye afaaye kuulizwa: "Ungependa aende kwa nani?" Wengi huwa wameshamchagua mtu kimoyomoyo na wanangoja nafasi ya kusema. Jina hilo liandikwe kwenye daftari la mbwa, pamoja na tarehe za chanjo na minyoo, na daftari liwekwe pamoja na kadi ya hospitali.

Kisha mbwa aanze kutembelea boma hilo mapema, wakati mgonjwa bado anaweza kwenda naye au kumtuma mtoto ampeleke. Alale huko siku za hospitali, apewe sahani yake na gunia lake huko huko. Akizoea, siku ya kuhamia hatalia langoni wiki nzima, wala hatarudi usiku kutafuta mlango uliofungwa.