Gari Jipya, Waranti Ipo, Amani Hakuna

Tulinunua gari zero kilomita ili tuachane na mafundi. Miezi michache baadaye, mimi na mume wangu tukawa hatusemezani.

Mpenzi msomaji, ngoja nianze kwa kukiri: hili gari nililitaka mimi. Mume wangu, Baba Junior, alishanionyesha kwenye simu magari matatu ya kuagiza Japani, yametumika lakini bado safi, na bei yake haifiki nusu ya lile nililokuwa nimelitolea macho shorumu. Nikamwambia, “Baba Junior, mimi na gereji basi. Tuchukue jipya, lina waranti ya miaka 3 au kilomita 100,000. Likizingua, watahangaika wao.”

Akacheka. “Haya mama, umeshinda.”

Tukachukua mkopo wa miaka 4, makato kwenye mishahara yote miwili. Ushindi wenyewe ukaja kunitokea puani.

“MAMA, GARI LINAUMWA?”

Mwezi wa tatu tu, nikiwa kwenye foleni ya jioni, gari likaanza kushtuka. Unaachia breki, unakanyaga mafuta, linasita kidogo kama limesahau linakokwenda, halafu linaruka mbele. Asubuhi hakuna kitu, linateleza kama maji. Lakini jioni likishapata moto, ule mlima wa kuelekea Goba lilikuwa linaupanda huku linatetemeka, mpaka Junior akaniuliza kutoka kiti cha nyuma, “Mama, gari linaumwa?”

Siku hiyo nikapiga picha dashibodi, kilomita zikionekana, nikamtumia baba yake: “Limefanya tena.” Akajibu kwa kidole gumba. Ikawa ndiyo mazungumzo yetu ya kila wiki: mimi natuma picha kwa hasira, yeye anajibu kidole.

Nikalipeleka kwa waliotuuzia. Jamani, mahali penyewe panapendeza: kiyoyozi, tivii kubwa, kijana wa mapokezi na tai yake. “Karibu dada, nikuletee chai au kahawa?” Nikaeleza, akaandika andika kwenye kompyuta. Jioni nikapigiwa simu: “Dada, tumelicheki, halina tatizo. Tumekuoshea pia.”

Mara ya pili, hivyo hivyo. Mara ya tatu yule kijana akashusha sauti kama ananionea huruma: “Labda ni uendeshaji, dada. Hizi za automatiki zinataka mguu mwepesi.” Nina leseni miaka 11! Nilitoka pale na gari safi linang’aa, na machozi karibu.

Nyumbani, Baba Junior hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema tu, akiwa anakula, “Lile la Japani saa hizi lingekuwa linatembea.” Kuanzia siku ile sikumtumia picha tena. Likishtuka, nameza mwenyewe.

FUNDI WA PEMBENI

Jumamosi moja alitoka na gari asubuhi, akarudi mchana anatabasamu. Siku mbili gari likatulia kweli, nikashukuru Mungu. Siku ya tatu, yale yale. Nikalirudisha kwa waliotuuzia, na safari hii waliona kitu, ila sicho nilichotaka waone.

“Nani amefungua giaboksi hii? Oili iliyomo sio yetu. Hapa waranti imeondoka, madam.”

Mapema nilikuwa “dada”. Sasa nimekuwa “madam”.

Nilimpigia Baba Junior nikiwa pale pale kwenye maegesho. Akanyamaza, kisha akasema taratibu, “Nilikuwa nataka kukusaidia.” Fundi wake wa siku nyingi alikuwa amechomoa kichwa cha betri “ili kompyuta ijirudishe”, akaongeza na oili. Maneno niliyomjibu siku ile siyarudii hapa. Wiki nzima alilala sebuleni. Tulikuwa na gari jipya, mkopo mpya, na nyumba ambayo mtu anaongea na mwenzake kupitia mtoto: “Junior, mwambie baba chakula tayari.”

“SASA MBONA UNALILETA LIMEPOA?”

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja mtu mzima pale pale karakana kwao. Alinikuta nimekaa kwenye gari sijui niende wapi. “Mama,” akaniambia, “tukibadilisha kitu kwa waranti, hela hairudi kwetu mpaka aliyetengeneza gari akubali. Na yeye halipi maneno. Anataka kosa lionekane kwenye kompyuta, au fundi aseme amelishuhudia. Wewe gari unaleta saa 2 asubuhi, limelala usiku kucha, limepoa. Litashtuka saa ngapi? Halafu huyo wa mtaani kachomoa betri, kumbukumbu kwenye kompyuta zinaweza kuwa zilifutika hapo.”

Miezi yote ile hakuna aliyeniambia hivyo, na mimi sikuuliza. Nilikuwa naacha ufunguo, nakunywa kahawa, naondoka.

Nikaomba ruhusa kazini, nikarudi saa 10 jioni. “Naomba fundi apande na mimi, twende wote kwenye foleni.” Mapokezi wakasita, mzee akapanda. Dakika 40 hivi hakuna kitu, nikaanza kuona aibu. Tulipoanza kupanda mlima, gari likaruka. Mzee akashika dashibodi: “Hee! Kumbe kweli.” Mwenzenu nilipiga makofi kama mtoto. Tuliporudi akaandika kwa mkono wake kwenye karatasi ya kazi: tarehe, kilomita, limepata moto, mlimani.

Ikabaki ile kesi ya oili. Usiku nikamwita Baba Junior mezani. Tukafungua WhatsApp, tukapandisha juu, juu, juu. Zikaonekana zile picha zangu za hasira, 9, zote na tarehe na kilomita, zote kabla ya ile Jumamosi yake. Akazitazama moja moja pamoja na vidole gumba vyake. “Nilikuwa sikusikilizi,” akasema. Nikamwambia na mimi nilikuwa namwogopa.

Barua aliandika yeye. Hakuficha habari ya fundi. Akaambatanisha picha na ile karatasi ya mzee, akakumbusha kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji, na kwamba tusipoelewana barua inayofuata inakwenda Tume ya Ushindani, FCC.

Baada ya siku chache tukaitwa. Walikubali kubadilisha kifaa cha giaboksi, oili tukalipa wenyewe. Spea ikaagizwa nje, wiki 7, sisi na daladala na bajaji. Lakini sebuleni pakabaki na makochi tu.

KAMA NA NYIE MNATAKA KUNUNUA JIPYA

Kaeni wawili, msome haya kabla hamjasaini:

• Waranti sio bima. Inahusu kosa la kiwandani. Ajali ni ya bima. Tairi, pedi za breki na vifutio vya kioo, vikiisha kwa kutumika, kwa kawaida ni mfuko wako. Na miaka 3 au kilomita 100,000 maana yake ni kile kitakachotangulia kufika.

• Anzeni na ukurasa wa yale yasiyohusika. Huo muuzaji hataufungua kwa hiari yake.

• Usiondoke bila karatasi, hata wakisema “halina tatizo”. Iwe na tarehe, kilomita na malalamiko kwa maneno yako. Waranti ikikaribia kuisha na tatizo halijaisha, karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba ulilalamika ukiwa bado ndani ya muda.

• Eleza tatizo linatokea lini: limepoa au limepata moto, tambarare au mlimani. Omba fundi apande na wewe.

• Servisi kwa wakati, kitabu kigongwe muhuri. Fundi wa mtaani ni ndugu yetu, lakini asubiri waranti iishe.

• Maneno yakishindikana, andika barua kwa meneja, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ngazi inayofuata ni FCC.

• La mwisho ni la wawili: kosa la gari lisigeuzwe kosa la mtu. Sisi tulipoteza miezi tukipigana wenyewe kwa wenyewe, na aliyetuuzia alikuwa anatuoshea gari.

Siku hizi servisi anapeleka Baba Junior. Juzi karudi, kaniwekea kitabu mezani, muhuri bado haujakauka. “Mama, umeshinda.”

Nikamwambia bado miaka 2 ya mkopo, asianze kushangilia.