Leseni ya Texas haifungui California

Juma lililopita nilipigiwa simu usiku na mpwa wangu aliyeko Marekani. "Shikamoo mjomba," akasema, kisha akanyamaza. Nikajua kuna jambo.

Binti huyu alisomea uuguzi Houston, Texas, akafaulu mtihani wa leseni, halafu akamfuata mumewe Sacramento, California. Mwezi wa tano huu anaomba kazi yake ya kwanza, hajapata. Mama yake hapa Dar es Salaam haelewi. Si tunaambiwa Marekani wauguzi hawatoshi?

Naomba nieleze, maana wazazi wenye swali hilo ni wengi. Kwetu Tanzania Bara, muuguzi aliyesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga anafanya kazi Mtwara au Bukoba kwa usajili uleule. Marekani kila jimbo lina bodi yake. Mtihani, uitwao NCLEX, ni mmoja nchi nzima, lakini leseni hutolewa na jimbo. Majimbo zaidi ya 40 yamepatana kutambuliana leseni, na Texas imo. California haimo. Kwa hiyo mpwa wangu, ingawa hakurudia mtihani, alilazimika kuomba leseni nyingine, kupeleka alama za vidole na kungoja.

Ilipotoka, akakuta foleni. California ilipitisha sheria mwaka 1999 ya kuweka kikomo cha wagonjwa kwa muuguzi mmoja: leo ni wawili katika chumba cha mahututi, watano katika wodi ya kawaida. Mshahara nao mnono. Nani asiyetaka? Wauguzi wazoefu humiminika huko kutoka majimbo mengine, na hao ndio hospitali zinaowataka kwanza.

Wanaoanza kazi huingia kwa programu maalumu. Hospitali huchukua kikundi mara chache kwa mwaka, ikawafundisha wodini chini ya wakongwe. Hapo ndipo penye mtego. Nyingi humhesabu mtu kuwa mwanagenzi kwa takriban mwaka mmoja tu. Akikaa nyumbani, muda unamwishia. Akishika kazi katika nyumba ya wazee, huenda mwaka ukapita, akaambiwa si mpya tena, na uzoefu alionao si wa hospitali.

Kwa maoni yangu alipaswa kukaa Houston mwaka mmoja au miwili kwanza. Huko wodi alizofanyia mazoezi zilimjua kwa jina. Sacramento yeye ni karatasi tu katika rundo. Lakini maji yameshamwagika. Nikamshauri ajaribu Fresno na Bakersfield, miji ya bondeni isiyogombewa kama San Francisco.

"Mjomba, Fresno ni mbali!" Kweli, ni zaidi ya Dar es Salaam hadi Morogoro.

Jana kaniambia ametuma maombi mawili huko. Mumewe bado hajaambiwa.