Vipuri vya Baiskeli Kongwe katika Bonde la Ruvu

Katika bonde la Ruvu, tangu Mlandizi na Ruvu Stesheni upande wa Kibaha hata Mzenga upande wa Kisarawe, zingaliko baiskeli nyeusi za Kiingereza zilizoingia nchini kabla ya Uhuru, ambazo babu aliziachia mwana na mwana akaziachia mjukuu, na ambazo, ijapokuwa pikipiki zimezinyang'anya abiria na sehemu kubwa ya mizigo, hazijaacha kubeba mkaa, muhogo na madumu ya maji. Mwenye baiskeli ya namna hiyo, siku inapomharibikia, huambiwa kwamba vipuri vyake vimekwisha duniani. Nami nathubutu kusema kwamba aghalabu si kweli. Kipuri kipo, walakini kimejificha chini ya jina jingine, na anayekitafuta pasipo kujua kipimo hukipita dukani asikitambue.

La kwanza, basi, ni kuijua nasaba ya chombo. Raleigh, kampuni ya mji wa Nottingham, iliinunua Humber mwaka 1932, ikaitwaa Rudge mwaka 1943 na BSA mwaka 1957, na mwaka 1960 ikaungana na kundi lililokuwa na Phillips na Hercules. Kwa hiyo jina lililoandikwa juu ya fremu si ushahidi wa kutosha, maana BSA ya mwaka 1955 na ile ya mwaka 1965 zaweza kufanana kwa rangi na nembo, zikakhitilafiana kwa vyuma vya ndani. Kheri ni kwamba mwaka 1949 ilianzishwa huko Madras, India, kampuni ya TI Cycles, ili iunde Hercules kwa vipimo vile vile vya Kiingereza, na ndiyo sababu kipuri cha Kihindi cha leo huingia katika nyingi ya baiskeli hizo za zamani bila kulazimishwa. Swala, baiskeli iliyoundwa hapa hapa nchini, nayo ikichakaa huacha vyuma vifaavyo kukaguliwa.

Khitilafu iliyo kubwa kuliko zote imo katika hesi, yaani ile michirizo izungukayo vikombe viwili vinavyoshika gololi za ekseli ya pedali. Viwanda vingi vya Uingereza vilikata michirizo 24 katika kila inchi. Raleigh ikashika 26 yake yenyewe. Jicho haliioni tafauti hiyo. Kikombe kigeni huingia mizunguko ya kwanza kwa wepesi, kisha hukwama, na fundi mwenye haraka akizidi kukaza spana huiharibu hesi ya fremu, hasara isiyo na dawa rahisi. Maadam ekseli ya gurudumu la nyuma la Kiingereza ina michirizo 26 kwa inchi, na ichukuliwe hiyo iwe mizani: ilazwe ubavuni pa kikombe kilichokwisha kusuguliwa kwa mafuta ya taa, na michirizo ikiumana sawasawa, kikombe ni cha Raleigh, ikipandana, ni cha 24.

Nilimtazama fundi mmoja mtu mzima pale Mlandizi akitoa kotapini, ile pini iushikayo mkono wa pedali kwenye ekseli. Hakuanza na nyundo. Alidondosha mafuta ya taa, akangoja yakanywewa, akailegeza nati hata ikawa sawa na ncha ya pini ili hesi isipondeke, kisha akamwita kijana anayemfundisha kazi asimamishe kipande cha bomba chini ya mkono wa pedali.

"Shikilia sana, mwanangu, pigo liende ardhini, lisiende kwenye gololi."

"Nimeshika, mzee."

Pigo moja zito likatosha. Pini mpya ilikuwa nene kidogo. Akaikwangua kwa tupa upande wake uliobapa, akiijaribu mara kwa mara, hata mikono miwili ya pedali ikakaa mstari mmoja. Pini ya Kiingereza ni ya milimita 9.5, na ziko za 9 zinazouzwa pamoja nayo. Hiyo nyembamba huingia kwa raha, ikaanza kucheza kabla mzigo wa kwanza haujafika Kibaha.

Katika magurudumu, rimu za Kiingereza zina matundu 32 mbele na 40 nyuma, ilhali za mitumba ya Kijapani aghalabu zina 36, basi hazikubaliani na habu kongwe. Tairi nalo lina hila yake: yako mawili yanayoitwa 28, na linalofaa breki za vyuma ni lile lililopigwa chapa ya 635, si 622. Gololi hazina taabu, kwani robo inchi ni robo inchi popote, na tope la masika la Ruvu huzila upesi kiasi kwamba kila fundi huziweka akiba.

Vipuri visivyopatikana Kariakoo wala Gerezani hupatikana, laiti tungewahi, kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ambako fremu nzima huuzwa kwa kilo ikaenda kuyeyushwa na vikombe vyake ndani. Mwenye baiskeli iliyovunjika asiyoitaka tena, kabla ya kuifikisha kwenye mizani, na aifungue vikombe, ekseli na mikono ya pedali, avifunge pamoja kwa waya, aandike jina la baiskeli vilikotoka, ampelekee fundi wa jirani.