Sinema za Shule: Je, Ndivyo Vijana Waishivyo?

Wazazi wengi wamekwisha kuona jinsi filamu moja ya Marekani inavyoweza kumfanya kijana aidharau shule yake. Huko huona magari, mavazi na dansi. Kisha hulitazama daftari lake akanuna. Basi yafaa tuulize: wale waonekanao pale ni wanafunzi kweli?

Tuanze na umri. Filamu iitwayo Grease ilipotolewa mwaka 1978, Olivia Newton-John, aliyecheza kama msichana wa shule, alikuwa na miaka 29. Mwenzake Stockard Channing alikuwa na 34. Naye Sidney Poitier alikuwa mwanafunzi katika Blackboard Jungle mwaka 1955, akiwa na miaka 28. Miaka 12 baadaye, katika To Sir, with Love, akawa mwalimu! Mtoto wa miaka 15 anapojipima na watu wazima wa namna hiyo, hana budi kujiona ana kasoro: uso una chunusi, sauti inakwaruza, maungo hayajatulia.

Masomo yenyewe pia hayaonekani. Mwalimu hufungua kinywa, mara kengele ikalia. Aliyepata kushika chaki atacheka.

Lakini si zote zidanganyazo. Cameron Crowe, mwandishi kijana aliyekwisha kupita miaka 20, alijifanya mwanafunzi katika shule moja ya California, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1981. Mwaka uliofuata kikawa filamu, Fast Times at Ridgemont High. Humo vijana huuza vyakula hotelini baada ya masomo. Stacy, msichana wa miaka 15, apata mimba. Kijana aliyehusika aahidi kumsaidia, na siku yenyewe haonekani. Kaka yake ndiye amngojaye nje. (Ina mambo ya faragha, kwa hiyo wadogo wasiitazame.)

Inayopita zote, kwa maoni yangu, ni ya Ufaransa: Entre les murs, iliyopata tuzo kuu ya Cannes mwaka 2008. Wanafunzi wake walikuwa wanafunzi halisi wa Paris, na mwalimu alikuwa François Bégaudeau, aliyewahi kufundisha na ndiye aliyeandika kitabu chake. Hapana dansi humo. Kuna ubishi wa sarufi, kiburi, na neno baya linalomtoka mwalimu mwenyewe. Souleymane, mtoto wa wazazi kutoka Mali, aitwa mbele ya baraza la nidhamu. Mama yake hajui Kifaransa. Akisimama kumtetea mwanawe kwamba ni mtoto mwema amsaidiaye nyumbani, ni Souleymane huyo huyo alazimikaye kuyatafsiri maneno hayo mbele ya walimu. Kisha afukuzwa.

Mtoto wa askari aliyehamishwa na wazazi kutoka kituo hadi kituo, akaingia darasa lisiloijua lugha ya kwao, ataitambua picha hiyo upesi kuliko dansi zote za Grease.