Majitaka na Topekinyesi: Suala la Istilahi na Usafi wa Mazingira Mangateen, Juba

Makala haya yanajadili namna ya kusafisha uchafu utokao vyooni katika eneo la Mangateen, mjini Juba, na yanaanzia kwenye istilahi. Katika mazungumzo ya kawaida neno majitaka hubeba kila kitu: maji ya kufulia, maji ya choo cha kuvuta, hata kilichomo ndani ya choo cha shimo. Hicho cha mwisho, sekta ya maji nchini Tanzania hukiita topekinyesi. Utengano huo si pambo la lugha. Topekinyesi huwa na uchafu mzito kuliko majitaka ya mabombani kwa mara kumi hadi mia, na mtambo uliosanifiwa kwa kimoja huweza kushindwa kabisa na kingine.

Kambi ya Mangateen inakaliwa na wakimbizi wa ndani, wakiwamo waliohamia hapo mwaka 2018 kutoka kambi ya ulinzi ya Umoja wa Mataifa. Vyoo vyao ni vya shimo. Viwango vya Sphere vinataka choo kimoja kwa watu 20, na huvumilia 50 katika siku za mwanzo za dharura. Tuchukue shimo la meta 3 za ujazo, tukadirie lita 60 za mabaki kwa kila mtu kwa mwaka. Likitumiwa na watu 20 litajaa kwa miaka miwili na nusu. Likitumiwa na 50, mwaka mmoja tu. Tena hesabu hii ni ya upole, maana haikutia ndani takataka zitupwazo shimoni wala maji ya mvua, ambayo Juba huyapata kwa wingi kati ya Aprili na Oktoba. Shimo likifurika, yaliyomo huingia mitaroni na visimani. Mji huu ulikwisha kukumbwa na kipindupindu mwaka 2014, 2015 na 2016.

Topekinyesi lipelekwe wapi, basi? Jibu la haraka ni mabwawa, nalo lina mantiki. Katika bwawa la kwanza, lenye kina cha meta 2 hadi 5 na lisilo na oksijeni, mashapo hutuama na bakteria huyameng’enya. Katika la pili, lenye kina kidogo zaidi, mwani hutoa oksijeni mchana. Katika la mwisho jua huua vimelea. Umeme hauhitajiki, na joto la Juba husaidia. Lakini topekinyesi bichi likimwagwa humo moja kwa moja, mashapo hujaza bwawa na amonia huua mwani. Bila mwani oksijeni hukosekana, na bwawa hugeuka kuwa choo cha shimo kikubwa kisicho na paa.

Mtambo wa Lubigi mjini Kampala, uliozinduliwa mwaka 2014, ulizingatia tofauti hiyo. Ulisanifiwa kupokea kwa siku meta za ujazo 5,000 za majitaka, lakini 400 tu za topekinyesi, na hili lina njia yake: hutuama kwanza, mashapo yakaanikwa, maji yake ndiyo yaendayo mabwawani.

Mangateen haihitaji mtambo wa ukubwa huo, bali inahitaji mpangilio huo. Kabla yake lipo tatizo la usafirishaji. Gari la kunyonya halipiti vichochoroni wala kwenye matope. Dar es Salaam, katika makazi ya namna hiyo, zimetumika pampu za mkono na vyombo vidogo vya kubebea. Aidha, familia iliyopoteza makazi haiwezi kulipia safari ya gari. Kwa maoni yangu, bajeti ya kuchimba choo isipitishwe kama haina fungu la kukinyonya.

Vitanda vya kukaushia navyo viezekwe, kwa sababu ya mvua. Hata yakiisha kukauka, mashapo huweza kubaki na mayai hai ya minyoo kwa miezi mingi. Yahifadhiwe kwanza, kabla ya kufikishwa kwenye bustani za mboga.