Utani au Uadui? Mashabiki wa Kandanda wa Uingereza na Mchezaji Anayewapenda Wanaume Wenzake

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza msimamo wa mashabiki wa kandanda nchini Uingereza kuhusu wachezaji wanaojitangaza hadharani kuwa huwapenda watu wa jinsia yao. Wataalamu wa elimu-jamii na wa sheria wamekwisha kulizungumza sana jambo hili. Sisi tutalitazama kwa jicho la mwanafunzi wa lugha, kwa sababu ushahidi mkubwa uliopo ni wa lugha: kwa upande mmoja, majibu ambayo mashabiki huyaandika wanapoulizwa, kwa upande wa pili, nyimbo ambazo mashabiki hao huziimba majukwaani. Aina hizi mbili za ushahidi hazipatani. Swali letu ni kwa nini hazipatani, na kama udhuru unaotolewa na waimbaji, yaani kwamba huo ni utani tu, unaweza kukubalika. Hatukusudii kutoa hukumu ya dini wala ya sheria za nchi yoyote. Kazi hiyo ina wenyewe.

Yafaa kwanza tuseme neno juu ya istilahi. Neno "shoga", ambalo magazeti hulitumia sana siku hizi, katika Kiswahili cha pwani ni jina ambalo mwanamke humwitia mwanamke mwenzake aliye rafiki na msiri wake. Likihamishiwa kwa mwanamume, mara nyingi hubeba dharau. "Hanithi" humhukumu mtu kuwa ana upungufu wa kiume, na "msenge" ni tusi tupu. Maneno haya yamekwisha kukata shauri kabla mjadala haujaanza, na kwa hiyo hayafai kuwa vyombo vya uchunguzi. Tutatumia maelezo yaliyo marefu kidogo lakini yasiyo na kebehi: mchezaji anayewapenda wanaume wenzake.

2. Kisa cha Justin Fashanu

Mjadala huu hauwezi kuanza mahali pengine. Justin Fashanu alizaliwa London mwaka 1961, baba yake Mnigeria na mama yake mtu wa Guyana. Alilelewa pamoja na nduguye John na wazazi walezi huko Norfolk. Mwaka 1980, akiichezea Norwich City, alifunga dhidi ya Liverpool bao ambalo BBC ilikuja kulitangaza kuwa bao bora la msimu. Mwaka uliofuata Nottingham Forest ilimnunua kwa pauni milioni 1, akawa mchezaji mweusi wa kwanza wa Uingereza kufikia bei hiyo. Meneja wake, Brian Clough, alisimulia baadaye katika kitabu cha maisha yake jinsi alivyomkemea kijana huyo kwa kwenda katika vilabu vya starehe walimokutana wanaume wa namna hiyo.

Mnamo Oktoba 1990 Fashanu alijitangaza katika gazeti la The Sun. Nduguye, ambaye naye alikuwa mchezaji mashuhuri, alimkana hadharani. Fashanu aliendelea kuhamahama kutoka klabu hadi klabu, na majukwaani alizomewa kwa mambo mawili pamoja, rangi yake na mapenzi yake. Mwezi Mei 1998 alijitoa uhai mjini London, baada ya kutuhumiwa nchini Marekani kuwa amemdhulumu kijana mmoja kimwili, tuhuma aliyoikana katika maandishi aliyoyaacha.

Baada ya tangazo lake kikafuata kimya kirefu. Robbie Rogers, Mmarekani aliyekuwa Leeds United, alijitangaza mwaka 2013 siku ile ile aliyotangaza kuacha mchezo, ingawa baadaye alirudi uwanjani kwao Marekani. Mjerumani Thomas Hitzlsperger, aliyepata kuichezea Aston Villa, alingoja mpaka amekwisha kustaafu ndipo akajitangaza, mwaka 2014. Ilipita miaka zaidi ya 31 tangu tangazo la Fashanu kabla mwanamume mwingine anayecheza soka ya kulipwa nchini Uingereza hajafanya vivyo hivyo. Huyo alikuwa Jake Daniels wa Blackpool, Mei 2022, akiwa na umri wa miaka 17. Kwa upande wa wanawake hali imekuwa tofauti kabisa: Casey Stoney, aliyepata kuwa nahodha wa timu ya taifa ya Uingereza, alijitangaza mwaka 2014 akiwa bado anacheza, na wapo wengi wengine.

3. Mashabiki wanapoulizwa

Sababu iliyozoeleka kutolewa kueleza kimya hicho ni mashabiki: yasemekana kwamba mchezaji huogopa umati. Mwaka 2010 wataalamu wawili wa elimu-jamii, Ellis Cashmore na Jamie Cleland, walilipima dai hilo kwa hojaji ambayo waliojibu hawakutakiwa kutaja majina. Walipata majibu 3,500, nayo matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Asilimia 93 ya mashabiki, wa rika zote, walisema kwamba chuki dhidi ya wapenda jinsia yao haina nafasi katika kandanda. Zaidi ya hayo, wengi waliwageuzia lawama wakubwa wa mchezo: vilabu na vyama kwa kutoikemea chuki hiyo, na mawakala kwa kuwashauri wachezaji wajifiche ili bei yao sokoni isishuke.

Hatuna sababu ya kuwaita watu hawa waongo. Mtu aliyeandika bila jina hana wa kumpendeza. Lakini je, nyimbo za majukwaani zinaimbwa na nani? Hatuwezi kuamini kwamba asilimia 7 iliyobaki ndiyo inayopaza sauti peke yake.

4. Mashabiki wanapoimba

Mwandishi wa makala haya alipokuwa akisomea shahada ya pili nchini Uingereza alipelekwa uwanjani na jirani yake, mzee mpole aliyekuwa akimkaribisha chai kila Jumapili. Umati ulipoanza wimbo wenye mahadhi mepesi, mwandishi naye aliudaka kiitikio na kukiimba kwa furaha ya ugeni. Ni njiani wakati wa kurudi alipouliza maana ya maneno. Mzee yule alimfafanulia, akaona haya kidogo, kisha akasema kwamba yeye binafsi hana neno na watu hao. Ule ulikuwa utani tu. Kumbe mwandishi alikuwa amemtukana mtu asiyemjua kwa maneno asiyoyafahamu, na mwalimu wake katika kazi hiyo alikuwa mtu mwema.

Kisa cha Graeme Le Saux kinatuonyesha jinsi zomeo la namna hii linavyofanya kazi. Le Saux, mlinzi wa kushoto wa Chelsea na wa timu ya taifa katika miaka ya 1990, hakuwa mtu anayewapenda wanaume wenzake. Alikuwa na mke. Kosa lake lilikuwa kusoma gazeti la The Guardian na kupenda mambo ya sanaa. Hayo yalitosha azomewe kwa miaka mingi. Mwezi Februari 1999 Robbie Fowler wa Liverpool alimwinamia uwanjani akimwelekezea makalio, na mwamuzi akamwonya Le Saux kwa kuchelewesha mchezo. Hapa twaona kwamba tusi halikuhitaji ukweli wowote juu ya mtukanwaji. Lilikuwa fimbo ya kumpigia yeyote aliyetoka nje ya mfano wa mwanamume uliokubaliwa majukwaani.

Sheria nayo ilichelewa. Sheria ya makosa ya kandanda ya mwaka 1991 ilikataza kuimba kwa pamoja maneno ya ubaguzi wa rangi na maneno machafu, lakini haikuutaja ubaguzi huu kwa jina. Ni mwezi Januari 2022 tu ambapo waendesha mashtaka wa serikali walieleza bayana kwamba wimbo mmoja uliozoeleka kuimbiwa Chelsea, unaowafananisha watu wake na vijana wa kiume wanaouza miili, waweza kumfikisha mwimbaji mahakamani kama kosa la chuki.

5. Je, huu ni utani?

Sasa tuupime udhuru wa mzee yule kwa kipimo tunachokifahamu sisi wenyewe. Utani katika jamii zetu si ruhusa ya kumtukana kila mtu. Una masharti. Kwanza, huwa baina ya watu ambao uhusiano wao unajulikana na pande zote mbili: babu na mjukuu, mtu na shemeji yake, au kabila na kabila, kama Wazaramo na Wanyamwezi. Pili, ni wa kupokezana: aliyesemwa leo ana haki ya kusema kesho, na hapana wa kumkasirikia. Tatu, una wajibu. Mtani ndiye anayetazamiwa kufika na kusaidia wakati wa msiba. Si ajabu basi kwamba Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na kwamba hapa kwetu mchezo wa Gor Mahia na AFC Leopards huitwa wa mashemeji.

Baina ya umati na umati, zomeo la Waingereza laweza kukaribia sharti la pili. Mashabiki wa Brighton, ambao mji wao unajulikana kwa wakazi wengi wanaopenda jinsia yao, walizoea kuzomewa kwa jambo hilo kila walikokwenda, nao walijibu kwa nyimbo za kuwacheka wapinzani sura zao. Hata hivyo, mwaka 2013 chama cha mashabiki wa Brighton kilikuwa miongoni mwa waliopeleka ripoti ya matusi hayo kwa chama cha soka cha Uingereza. Waliokuwa wakijibu kwa kicheko walikuwa pia wamechoka.

Baina ya umati na mchezaji mmoja hakuna sharti hata moja linalotimia. Uhusiano hakuuridhia. Kujibu hawezi: Le Saux alipompiga Fowler kiwiko katika mchezo ule ule, naye aliadhibiwa. Wajibu haupo. Fashanu alipofariki, majukwaa yaliyomwimbia hayakuwa na deni la kwenda matangani, na jina lake liliingizwa katika orodha ya heshima ya makumbusho ya taifa ya soka mwaka 2020 tu, miaka 22 baadaye.

Twaweza sasa kueleza kutopatana kwa ushahidi wetu. Shabiki anayejibu hojaji huulizwa juu ya chuki, naye hujichungulia moyoni asiione. Anapoimba, hauhesabu wimbo wake kuwa chuki, kwa kuwa ameuita utani. Majibu yote mawili ni ya kweli kwake. Lakini anayesikia hasikii moyo; husikia maneno, tena kwa sauti ya maelfu.

6. Hitimisho

Dalili za mabadiliko zipo. Daniels alipokewa kwa pongezi nyingi. Josh Cavallo wa Adelaide United, nchini Australia, alipongezwa na ulimwengu mzima alipojitangaza Oktoba 2021. Lakini Januari 2022 alizomewa kwa jambo hilo hilo mjini Melbourne. Pongezi huandikwa na mtu mmoja mmoja, zomeo hutoka kwa umati, na mchezaji huyapokea yote mawili.

Kwa hiyo, mtafiti atakaye kuujua msimamo wa mashabiki asitosheke na kuwauliza wanawaza nini. Na awasikilize wanapokuwa wengi. Wahenga walisema: mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Anayedai kwamba anatania tu, tuna haki ya kumwuliza: mtani wako ni nani, amekupa lini ruhusa, na siku ya msiba wake utakuwa wapi?